Mashine ya boti kutema maji kidogo

Kaka, kama mashine ya boti ya nguvu farasi 40 inatema maji kwa kudondoka tu na ukiongeza moto inanukia kuungua, usikimbilie kuifungua. Pitisha kwanza mshipi mnene wa nailoni kwenye kale katundu kanakotema maji ya kupoza mashine. Mara nyingi ni mchanga, chumvi iliyoganda, au nyigu wamejenga humo boti ikiwa imepandishwa. Angalia na vichujio vya pembeni mwa mguu, juu ya panga (pangaboi). Mwani na mifuko hupenda kukaa pale.

Ikibaki vilevile, ni raba ya pampu, ile yenye mabawa inayosukuma maji ya kupoza. Fungua mguu wa gia (sehemu ya chini yenye panga) uutoe, kisha fungua kikombe cha pampu. Raba iliyochoka mabawa yake yamelala upande mmoja na hayarudi. Ukikuta bawa limekatika, litafute mpaka ulipate, maana limepanda kwenye njia ya maji. Mimi nililipuuza moja, nikarudi kwa makasia. Chunga pia kichuma cha nusu mwezi kinachoshika raba kwenye shafti, kikidondokea mchangani kazi imelala. Unapofunga, paka grisi na sukuma kikombe huku ukizungusha shafti kufuata mshale wa saa.

Maji yakitoka kwa nguvu lakini mashine bado inachemka, tazama themostati (kilango kinachofungua njia ya maji mashine ikipata joto), huenda imeganda kwa chumvi.

Na hiyo tabia ya kuiwasha nchi kavu bila maji "kuisikiliza tu" acha, raba haichelewi kuungua. Ukirudi kutoka baharini isafishe kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) dakika 10 hadi 15.