Mwenyekiti anataka tarehe, nimpe ipi?

SWALI: Shikamoo dada. Chama cha akiba na mikopo cha wakulima wa kahawa hapa Mbale kimenipa kazi ya kukitengenezea programu: akiba za wanachama, mikopo, na malipo kwa simu kupitia MTN na Airtel. Mwenyekiti anataka tarehe na bei kabla ya mkutano. Nikisema miezi miwili, nitakuwa nimekosea? – Msomaji, Mbale

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hiyo miezi miwili umeitoa wapi? Kama umeisoma usoni mwa mwenyekiti, mrudishie.

Kaa chini uigawe kazi vipande vidogo. Usiandike "mikopo" ukaridhika. Andika fomu ya maombi, wadhamini, riba, faini ya kuchelewa. Ukifika kwenye faini utakuta katibu na mweka hazina kila mmoja ana hesabu yake, na ubishi huo hula wiki nzima. Afadhali wabishane sasa, kabla hujaandika msimbo wa programu.

Kila kipande kipe makadirio matatu: mambo yakinyooka, yakiwa ya kawaida, yakiharibika. Zidisha ya kawaida kwa 4, jumlisha na hayo mengine mawili, gawa kwa 6. Hesabu hiyo ilitokana na mradi wa makombora ya Polaris wa jeshi la majini la Marekani, mwaka 1958. Siku 4, 7 na 22 zinakupa 9, si 7 uliyoizoea.

Sasa tenga siku za kazi na siku za kungoja. Kuunganisha malipo ya simu ni msimbo wa siku chache. Barua za chama, sahihi za viongozi na idhini ya kampuni ya simu haviendi kwa kasi yako. Bei itoke kwenye siku za kazi, tarehe itoke kwenye zote.

Tena usimpe siku moja. Mwaka 1981 Barry Boehm, mtaalamu wa uhandisi wa programu, alionyesha kwamba makadirio ya mwanzo kabisa yanaweza kupotoka hata mara 4, juu au chini. Sema "kati ya mwezi huu na ule", kabidhi kwanza kile kipande cha programu kinachoshughulikia akiba, kisha ukadirie upya.

Na leja za zamani nani ataziingiza? Hapo ndipo vijana wengi wanaponaswa: kurasa zimelowa, wanachama wawili wana jina moja, salio halilingani. Kazi hiyo iandikie bei yake peke yake, na karani wa chama akae nawe.