Mdoli unafundisha kweli

Dada umeuliza kama kujifunzia kwa mdoli si kupoteza muda wakati wodini wagonjwa wapo. Hapana aisee, mi nilijifunza kumsaidia kichanga apumue kwa NeoNatalie, yule mdoli anayejazwa maji ya vuguvugu mpaka ukimbeba unahisi uzito wa mtoto kabisa, ukiweka maski vibaya ukibonyeza ambubegi, ule mfuko wa kusukumia hewa, kifua hakipandi na hapohapo unajua umekosea, unaweka sawa kichwa cha mdoli unaanza tena hata mara 20 na hakuna aliyeumia. Mtoto aliyezaliwa hapumui anatakiwa aanze kusaidiwa kupumua ndani ya ile dakika moja ya kwanza, huwezi kuanza kujifunza pale. Ila mkimaliza mwalimu akae nanyi mjadili mlivyofanya na mlipokosea, sisi muhula wa kwanza waliruka hiyo sehemu tukabaki na makosa yaleyale.