Ukirudia Mass Effect, mrudie mtu mwingine

Kila nikikutana na mtu aliyemaliza Mass Effect, gemu la video la sehemu tatu la vita vya angani, mara moja tu, huwa najua Shepard wake, yule mhusika mkuu unayemwongoza, alikuwa nani hata kabla hajanisimulia. Alikuwa mtu mwema. Aliokoa mateka, akamwachia malkia wa rachni, viumbe kama wadudu, aende zake, akamtuliza mwenzake Wrex kwa maneno ya busara, akafika mwisho wenzake karibu wote wakiwa hai. Si kwamba mimi ni mganga. Mwaka 2020 John Ebenger, aliyewahi kufanya kazi BioWare, kampuni iliyolitengeneza gemu hili, alisema kama asilimia 92 ya wachezaji walifuata njia ya Paragon, ile ya majibu ya wema yenye rangi ya bluu. Akasikitika kidogo pia, maana walikuwa wametumia nguvu nyingi kuitengeneza ile nyekundu ya Renegade, ya majibu ya ukali.

Sasa mtu huyo akitaka kulirudia gemu, wazo la kwanza linalomjia ni kujigeuza: safari hii nitakuwa mbaya. Nakushauri usifanye hivyo. Ubaya usio na sababu unachosha kabla hata hujafika sayari ya Noveria. Unabonyeza jibu jekundu, Shepard anamfokea mtu, unacheka, unabonyeza tena. Baada ya saa chache hadithi huifuatilii tena, unafuatilia rangi. Na aliyebonyeza bluu toka mwanzo hadi mwisho alikuwa akifanya hilohilo, ila hakujishtukia kwa sababu wema haumshtui mtu.

(Kuanzia hapa nafichua mambo ya sehemu zote tatu. Kama hujamaliza hata mara moja, funga, ukacheze, kisha urudi.)

Mjue mtu wako kwanza

Sehemu ya kwanza, ile ya mwaka 2007, inakuuliza maswali mawili kabla hujashika bunduki, na watu wengi huyapita kama fomu ya benki. Shepard alikulia wapi? Mtaani duniani, kwenye koloni, au kwenye meli za kijeshi? Na jeshini alijulikana kwa lipi? Ushujaa, kunusurika peke yake pale kikosi kizima kilipoteketea, au ukatili wa kumaliza kazi kwa gharama yoyote? Mara ya kwanza unachagua kinachosikika vizuri. Mara ya pili hapo ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko hata kwenye kuchonga pua na nywele.

Shepard wangu ninayempenda kuliko wote ni mwanamke wa koloni la Mindoir. (Sauti ya Jennifer Hale peke yake inatosha kukufanya umchague mwanamke, lakini tuliache hilo.) Historia yake inasema wavamizi wa Kibatarian, jamii mojawapo ya viumbe wa angani, wanaoteka watu na kuwafanya watumwa walilishambulia koloni akiwa na miaka 16, wakawaua wazazi wake. Nikajiuliza swali moja tu: mtu aliyepitia haya hawezi kusamehe nini? Sikujiuliza kama ni mwema au mbaya. Katika mambo mengine yote yeye ni mpole, anasikiliza, hana haraka ya kufyatua. Ila mkasa ukigusa utumwa, au Wabatarian, upole unaisha.

Uzuri wa kanuni moja kama hiyo utauona kwenye mkasa wa Bring Down the Sky. Balak, Mbatarian, ameteka asteroidi na anaielekeza kwenye sayari ya Terra Nova. Mwishoni anakupa chaguo: umwache aondoke na mateka wake wapone, au umzuie na mateka walipuke. Kwa Shepard wa kawaida hakuna hata la kufikiri, unaokoa watu. Kwa binti wa Mindoir niliweka pedi chini kwanza. Mdogo wangu, ambaye gemu zima analijua, alikuwa amekaa pembeni.

"Kaka, si utawaua hao?"

"Siwaui mimi. Anawaua huyu."

"Huyu nani?"

Ukifika mahali pa kuulizwa swali hilo, ujue umeanza kucheza kweli. Binti wa Mindoir aliwaacha wafe. Ukimwachia Balak, utakuja kukutana naye uso kwa uso katika sehemu ya tatu, na ukiweza kumvumilia anaweza kukupa meli zilizosalia za watu wake kwa ajili ya vita. Binti wa Mindoir hakuwa na mpango wa kumvumilia, kwa hiyo Balak hakufika huko.

Jambo dogo la kiufundi hapohapo: New Game Plus, ile njia ya kulianza tena gemu ulilomaliza, achana nayo. Inakurudishia Shepard yuleyule, na silaha zake na nguvu zake. Ni nzuri kwa mtu anayetaka kupiga risasi kwa raha. Kwa hadithi, anza upya kabisa, uwe dhaifu, uogope.

Acha kitu kiharibike

Hapa nitakaa, maana ndipo gemu hili linapowazidi wenzake wengi.

Wakrogan, jamii ya Wrex, wamepandikizwa genophage, silaha ya kibiolojia iliyotengenezwa na Wasalarian na kusambazwa na Waturian, jamii nyingine mbili za viumbe wa angani. Kati ya mimba elfu moja, huzaliwa mtoto mmoja aliye hai. Katika sayari ya Virmire, Wrex anagundua kwamba adui yako ana tiba, na wewe unataka kuilipua. Anakunyooshea bunduki. Aliyecheza kwa wema ana pointi za ushawishi, anamtuliza, na Wrex anakuja kuwa kiongozi mwenye akili wa ukoo wake. Onyesho zuri sana, kila mtu ameliona.

Sasa chukua Shepard asiye na ulimi huo. Wrex anakufa palepale ufukweni. Halafu katika sehemu ya pili, unapomsaidia daktari Mordin kumtafuta mwanafunzi wake Maelon, fanya uamuzi wa kuziteketeza takwimu za utafiti kwa sababu zimepatikana kwa kutesa watu. Ni uamuzi unaoweza kuutetea mbele ya mtu yeyote mwenye heshima zake. Nenda nao hadi sehemu ya tatu.

Kwenye kiti cha Wrex utamkuta Wreav, ndugu yake, ambaye anachowaza ni kisasi. Eve, mwanamke wa Kikrogan ambaye ndiye tumaini la hekima katika kizazi chao, anafariki, kwa sababu takwimu ambazo zingemwokoa ulizichoma. Kiongozi wa Wasalarian anakunong'oneza: haribu tiba kimyakimya, Wakrogan wadhani wamepona, na sisi tutakupa wanasayansi wetu na meli. Ukikubali Wrex akiwa hai, atakuja kugundua, atakufuata hadi Citadel, kile kituo kikuu cha angani, na mwisho wake ni kifo. Wreav hagundui kamwe.

Na Mordin? Katika njia ya wema, Mordin anapanda mnara, anaisambaza tiba, anaungua huko juu. Nimewaona watu wazima wakifuta macho pale. Katika njia hii niliyokueleza, unaweza kumwambia ukweli: chini ya Wreav, bila Eve, tiba itazaa vita nyingine. Mordin anabisha, anafikiri, anakubali. Anaondoka zake mzima wa afya.

Yaani mtu anayependwa kuliko karibu wote kwenye gemu zima anapona pale tu ambapo kila kitu kingine kimeharibika. Mara ya kwanza huwezi kuliona hilo, kwa kuwa mkono wako unakimbilia kuokoa. Waandishi hawakukaa kugawa zawadi kwa wema na viboko kwa wabaya. Walijiuliza, dawa ileile ikiwa mikononi mwa kiongozi mwingine, daktari huyuhuyu ataamua vipi? Mimi naona hilo ni gumu kuliko kuandika mwisho wa furaha na mwisho wa huzuni kisha ukaviwekea rangi.

Kucheza mara ya pili ni kama kuangalia marudio ya mechi ya Simba na Yanga. Matokeo unayajua, kwa hiyo macho hayafuati tena mpira, yanaangalia beki alisimama wapi. Kikao cha viongozi ni kilekile, meza ni ileile, ila aliyekaa upande ule amebadilika, na ghafla unasikia sentensi ambazo zamani zilikuwa za kujazia zikibeba uzito wote wa mazungumzo.

Tahadhari kidogo, usije ukadhani kila uamuzi una kina hiki. Malkia wa rachni, kwa mfano. Ukimuua Noveria, sehemu ya tatu inakuletea malkia wa bandia mahali palepale, mapambano yaleyale. Ukimwokoa huyo wa bandia anakusaliti, basi, tofauti imeishia hapo. Unaona wazi kwamba bajeti ilibana.

Usirudishe nyuma

Sheria yangu nikicheza mara ya pili: ukishachagua, umechagua. Hakuna kufungua faili la zamani kwa sababu rafiki amekufa. Umeme ukikatika katikati ya mapigano hiyo si dhambi, rudi mahali gemu lilipojihifadhi lenyewe uendelee. Ila LUKU isigeuke kisingizio.

Pa kuipimia sheria hii ni misheni ya mwisho ya sehemu ya pili, ile ya mwaka 2010. Mtandaoni kuna orodha za nani atumwe wapi ili wote wapone. Zikwepe. Mara ya pili, acha Shepard wako atume anayemwamini. Jacob anajitolea mwenyewe kuingia kwenye mabomba. Binti wa Mindoir anaheshimu mtu anayejitolea, kwa hiyo alimruhusu. Jacob hakutoka, kwa sababu kazi ile inahitaji fundi wa mitambo kama Tali. Nilikasirika? Sana. Lakini mazungumzo yote ya baadaye na wenzake yalikuwa na mtu aliyekosekana, na hapo vita vikaanza kuwa vita.

Mpaka mmoja tu wa kuukumbuka: wasiposalia angalau wenzako wawili, Shepard naye anakufa, na faili hilo huwezi kulipeleka sehemu ya tatu. Ukitaka hadithi iendelee, usizembee kiasi hicho.

Kuna kero pia. Sehemu ya pili haimpendi mtu aliyechanganyika. Majibu makali ya ushawishi yanafunguka kwa kulinganisha pointi ulizokusanya na zile ulizoweza kukusanya, kwa hiyo anayechanganya bluu na nyekundu atashindwa kusuluhisha ugomvi wa wenzake Miranda na Jack, na mmoja atamnunia. Sehemu ya tatu ililegeza hili kwa kuziunganisha pointi kuwa sifa moja. Kwa sehemu ya pili, dawa niliyoiona ni kukubali: mtu wako si mwanasiasa, atapoteza mmoja. Chagua upande kama ambavyo yeye angechagua, ukae na matokeo yake.

Kuhusu muda, bando na ule mwisho

Toleo la Legendary, lililotoka Mei 2021, limeunganisha sehemu zote tatu na linataka nafasi ya GB 120. Kwa bando la kawaida la simu hapa Dar huo ni msiba. Tafuta sehemu yenye intaneti isiyopimwa, au mtu mwenye fiber ambaye hamjagombana, umpelekee diski ya nje. Ukishalipata, usilifute ovyo.

Na huna haja ya kufanya kila kitu. Mara ya pili ruka kuzunguka sayari tupu kwa gari katika sehemu ya kwanza. Fanya misheni zinazomgusa mtu wako, nyingine ziache zilivyo. Nahodha anayekimbizana na mwisho wa dunia na bado ana muda wa kuokota madini kila sayari, mimi simwamini.

Mwisho wa sehemu ya tatu ulizua kelele nyingi mwaka 2012, hadi BioWare wakatoa nyongeza ya bure iliyourefusha. Ukiwa umecheza na mtu uliyemjenga, kelele zile zinapungua. Chaguo ni zilezile kwa kila mtu, ni kweli, lakini sababu ya kulifuata moja haifanani. Binti wa Mindoir alilikataa bila kuwaza mara mbili chaguo la Control, la kuwatawala maadui badala ya kuwaangamiza: kushika kamba za viumbe wengine ni jambo ambalo asingelifanya hata kwa wema. Mwingine niliyemtengeneza, mtoto wa mitaani asiyeamini kwamba kuna anayeachia madaraka kwa hiari, alilichukua hilohilo bila kusita, kwamba bora yawe mikononi mwake.

Anayependa gemu linalolifanya hilo la kurudia kuwa sehemu ya hadithi yenyewe, ajaribu Starfield ya mwaka 2023. Kule unavuka kwenda ulimwengu mwingine, unaacha meli, pesa na watu wako, unabaki na ujuzi na nguvu zako tu. Wazo zuri, ingawa watu wa kule hawajanishika kama Wrex. Kwa sasa mimi nina Shepard mpya aliyekulia kwenye meli za kijeshi, mwana wa mama mwanajeshi, anayetii amri hata zile za kijinga. Sijajua atamfanya nini yule malkia wa rachni, na mdogo wangu ameshaambiwa asiseme neno.