Mwanangu, mi nililia baada ya miaka nane

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza sikuelewa kitu maana ulikuwa unalia na huku jirani kafungulia redio. Umeniuliza hivi: mama, eda imeisha Ijumaa, miezi minne na siku kumi nimezimaliza, watu wananipongeza kama nimehitimu chuo, mbona ndo kwanza naanza kulia? Alaf ukauliza, wewe baba alipofariki uliwezaje, mbona eda iliisha leo kesho yake uko Kibirizi, pale mwaloni Kigoma, unanunua dagaa.

Nimeona nikuandikie tu, kwenye simu ntalia na we utalia na vocha itaisha bure.

Sasa nikwambie kitu ambacho hata shangazi yako hakijui. Sikuweza. Nilikuwa nakimbia.

Baba yako asubuhi ile ya 2016 alitoka ziwani mzima, ilikuwa giza, zile siku zisizo na mbalamwezi, dagaa walikuwa wengi, kanywa chai na muhogo akasema najilaza kidogo uniamshe adhuhuri. Nikaenda kumwamsha. Basi. Habari ya mumeo uliipata kwa simu ya trafiki, yangu ilikuwa hiyo, ila najua unavyosimama katikati ya nyumba yako mwenyewe hujui uende chumba gani. Mgonjwa mnaagana kidogo kidogo hata kama hamtaki, wa ghafla anakuachia kikombe hakijaoshwa.

Eda ilipoisha nikajitupa kazini. Giza niko ufukweni alfajiri nagombania dagaa na wachuuzi wenzangu, naanika, nageuza, ikija mbalamwezi wavuvi wakipumzika mi nazunguka Ujiji nzima nadai madeni. Sikujipa hata mchana mmoja wa kukaa. Watu wakanisifia, mama jasiri, mama chuma, na mi hiyo sifa nikaipenda, ni tamu sana mwanangu, inakunyima hata nafasi ya kusema leo nimeshindwa.

Basi 2024 si serikali ikafunga uvuvi Ziwa Tanganyika, toka 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wazaliane. Kila mtu analalamika njaa na haki walikuwa nayo, sisi wenyewe tulikula mlenda mpaka basi. Lakini mi shida yangu ilikuwa nyingine. Miaka yote usiku nikitoka uani naona taa za wavuvi zimejaa kule kama mji, sasa ziwa jeusi tii, na mikono yangu haina kazi. Wiki ya pili nikasema ngoja nipange nyumba, nikavuta sanduku uvunguni, nikakuta sweta lake la ziwani, lile la bluu lililotoboka kiwiko. Nililiweka bila kulifua. Lilikuwa bado linanuka mafuta ya taa, kwa mbali. Mfukoni kiberiti na karatasi imekunjwa mara nne, ile orodha ya mahitaji yako ya shule: kaunta buku sita, sketi mbili, viatu vyeusi. Kwenye viatu kaweka vema. Vingine hajafikia.

Unavikumbuka vile viatu? Mi nilikaa chini pale pale nikalia mpaka magharibi, na kesho yake, na keshokutwa, wiki nzima, mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani tena. Nimwambie nini, msiba wa miaka nane iliyopita?

Kwahiyo ukiniambia unalia baada ya eda mi naona umewahi. Eda ni sheria ya Mungu na umeitimiza vizuri, ila haikuahidiwa kwamba siku ya kumi na moja moyo utakuwa mweupe. Na wanaokwambia kulia ni kukufuru waambie Mtume mwenyewe alitokwa machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, kilichokatazwa ni kupiga mayowe na kuchana nguo. Wale wa "kazi ya Mungu haina makosa" nao wanasema kweli, sema wanaisema mapema mno, mtu bado kaburi bichi.

Cherehani rudi nayo, ada haisubiri huzuni iishe. Ila usifanye kama mimi, acha siku moja kwa wiki usishone, kaa, likija lije. Mtoto akiuliza baba yuko wapi usimwambie kasafiri, atakaa mlangoni kila jioni anamsubiri, mwambie amekufa, kwa neno hilo hilo, na umshike. Nguo wifi zako wanataka kuzigawa, sawa wagawe, ni sadaka, ila mwombe mkweo akubakishie shati moja na usilifue. Wakicheka wacheke.

Ulisema pia unaogopa ukianza kuzoea utakuwa umemsahau. Mi sweta limekaa uvunguni miaka nane nadhani nimezoea, kumbe nilikuwa sijalifungua tu. Sasa hivi namtaja kila siku, nikiwapimia wateja nasema mzee angenigombeza hapa nimezidisha, tunacheka.

Nakuja na treni wiki ijayo, nipokee stesheni hapo Tabora maana nina mzigo, migebuka mikavu na dumu la mawese. Sweta nalo nakuja nalo. Uione hiyo karatasi, mwandiko wa baba yako ulivyokuwa mbovu.

Mama yako