Mdogo wetu msimlete huku kutibiwa mawazo

Asalaam alaykum ndugu zangu.

Nimesikiliza sauti zote mlizotuma kwenye grupu tangu juzi: ya mjomba, ya shangazi, na ile ndefu ya kaka. Mnasema mdogo wetu hajawa sawa tangu baba afariki. Hapati usingizi, chakula anakigusa tu, kutwa yuko chumbani. Kwa hiyo tuchange nauli na viza aje kwangu Leeds, Uingereza, kwa sababu Ulaya hata mawazo yanatibiwa, unakaa na mtaalamu anakusikiliza na hutoi hata senti. Sijui nani kawajaza maneno hayo. Nimekasirika, na nawajibu hivyohivyo, maana nikipoa nitawaambia yale mnayopenda kusikia.

Tiba ipo, sitawaficha. Tangu 2008 England ina huduma ya serikali ya tiba ya mazungumzo. Mkazi anajiandikisha mwenyewe, si lazima aanzie kwa daktari, na halipi. Mimi nimeitumia. Hamkujua, sasa mmejua. Zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, msiba wa baba nikiwa mbali, na simu za hela, vilinifikisha mahali nikawa nalia kwenye basi mbele za watu.

Kwanza unapewa fomu ya maswali tisa. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo, umekosa usingizi, umejiona umeshindwa maisha? Kila swali unajipa alama, kuanzia sifuri hadi tatu. Mimi kilichokuwa kinanitesa ni moto kichwani na moyo kwenda mbio, na fomu ile moto wa kichwani haiuulizi. Alama zangu zikatoka ndogo kuliko ugonjwa wangu.

Kisha mshauri, binti mpole kabisa, akapiga mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja "yangu", upande wa pili "yao". Niandike mizigo yangu huku, ya watu wengine kule, halafu ile ya kule nijifunze kuiacha. Dawa za sukari za mama niziandike wapi? Ada ya mtoto wa marehemu dada? Nikaandika vyote upande wangu. Akaitazama ile karatasi, nikaona kabisa kwamba kwake yeye ugonjwa wenyewe ndio ule. Akaniambia nijifunze kukataa, kwamba ndugu zangu mnaninyonya. Nilitoka pale na ugonjwa uleule, na juu yake aibu ya mtu aliyekaa na mgeni kuwasengenya watu wake. Sikurudi.

Tiba yenyewe, hii ya kuchunguza na kurekebisha mawazo (wanaiita CBT), si mbaya. Daktari wa akili Aaron Beck aliianzisha Philadelphia, Marekani, miaka ya 1960, na imewasaidia watu wengi sana. Ila pale nilivishwa kanzu iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Mshauri wa pili nilimpata baadaye, na huyo ndiye aliyenivusha. Aliniuliza: ungekuwa kwenu, nani angekuwa wa kwanza kuambiwa? Baba mkubwa. Na mambo ya hela, nani ana kauli? Baba mkubwa huyohuyo. Basi hakunifundisha kukataa. Tulipanga nizungumze na baba mkubwa, yeye ndiye awaambie wengine. Akanipa na kijitabu. Kimetokana na kazi ya Ghazala Mir na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leeds. Wao walichukua tiba ya sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) inayomrudisha mtu kwenye shughuli zake kidogo kidogo, wakaitengeneza kwa ajili ya Waislamu, ili mgonjwa akipenda, swala na Qurani viingie kwenye mpango wa matibabu. Nilianza kwa kuamka Alfajiri siku nisizokuwa zamu, kisha darasa la wanawake msikitini. Usingizi ukarudi.

Kwa hiyo kaka, usiniambie huku ndiko kwenye akili. Utafiti uliochapishwa 2003 ulifanyika Uganda, vijiji 30 vya Rakai na Masaka. Tiba iliyobuniwa Marekani kwa mtu mmoja na mtaalamu wake ikageuzwa kuwa ya vikundi, wanaume kwao na wanawake kwao, wakiongozwa na watu wa hapohapo waliopewa mafunzo. Sonona ikapungua sana. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza 2006 na mabibi 14 wa Mbare, mtaa wa Harare, waliokaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, na leo mpango huo umefika hadi Zanzibar. Mnataka kuuza shamba ili mdogo wetu aje kutafuta kitu ambacho wa huku wanakuja kujifunza kwetu!

Na viza ya matembezi haikupi matibabu ya bure. Mgeni akilazwa hospitali huku anadaiwa, tena hela nyingi. Kiingereza chake mnakijua. Atawekewa mkalimani, lakini kumlilia baba kupitia mdomo wa mtu mwingine ni mateso.

Mpelekeni hospitali ya Bombo, hapo Tanga. Wakiona ni zaidi, kuna hospitali ya Lutindi hapo Korogwe, wanapokea wagonjwa wa akili tangu enzi za Mjerumani. Sheikh amsomee, ndiyo, na dawa akipewa anywe. Msimwambie ajikaze. Msimwache peke yake, lakini msijazane chumbani kwake pia. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kufa. Kumuuliza hakumpi wazo hilo, na akisema ndiyo, siku hiyohiyo hospitali.

Kuhusu hela. Ya mama iko palepale. Michango ya harusi, simu mpya, bodaboda, yote sasa inapitia kwa baba mkubwa, na akisema hapana ndiyo hapana. Msinipigie usiku kwa ajili ya hela, niko zamu na wazee wa watu. Mdogo wetu akizidiwa, nipigieni saa yoyote, hata niwe kazini nitapokea.

Kaka, umpeleke wewe, maana kwako ndiko anakoongea. Iwe Jumatatu, mapema kabla ya foleni. Nauli na hela ya dawa ameshazipokea baba mkubwa.