Jibu kwa aliyepita saa 20 Wilson na bado hajaruka solo

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili ili nisije nikakujibu juu juu. Unasema uko Nairobi unasomea leseni ya urubani binafsi, ile PPL, pale uwanja wa ndege wa Wilson kwenye ndege ndogo ya mafunzo, Cessna 152. Umeshapita saa 20 za kuruka na mkufunzi hajakuachia ndege peke yako. Rafiki yako aliyekwenda Port Alfred, Afrika Kusini, aliruka solo akiwa na saa 13, na sasa nyumbani wanakuuliza kulikoni. Unataka kujua kama uhame shule, ubadilishe mkufunzi, au uachane na urubani uokoe hela iliyobaki.

Nakujibu kwa niliyoyapitia, maana nilitoka Mwanza nikasomea hapo hapo Wilson, na nilikwama hapo hapo ulipokwama: kutua. Ushauri wangu ni kwamba usihame. Kwa jinsi ulivyoeleza, ndege inaelea mno juu ya njia ya kurukia, ikigusa inadunda, mkufunzi anadaka usukani. Hayo yana sababu zinazojulikana, na yanarekebishika.

Tuanze na hewa, kwa sababu watu wengi wanaolinganisha saa zao na za wenzao wanaisahau kabisa. Rafiki yako amejifunzia kando ya bahari. Wewe uko kwenye uwanja ulio zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa vipimo vya kawaida vya anga, kimo hicho kingekuwa na joto la nyuzi 4 hivi. Mchana wa Februari Nairobi unakuta 26. Hewa ya joto ni nyepesi kama ya kimo cha juu zaidi, hivyo kila nyuzi moja ya ziada unaihesabia futi kama 120, kwa hiyo ndege yako inafanya kazi kana kwamba imeegeshwa kwenye mlima wa futi 8,000 na ushee. Cessna 152 ina nguvu za farasi 110, na kitabu chake kinasema usawa wa bahari inapanda futi 715 kwa dakika. Kwenye hewa ya futi 8,000 unabaki na kama nusu ya hapo. Ndiyo maana unafundishwa kupunguza mafuta kwenye mchanganyiko kabla ya kuondoka, mpaka injini ifike mzunguko wake wa juu kabisa. Rafiki yako hilo halimhusu akiwa pale pwani.

Kwenye kutua, hewa hiyo hiyo inakufanyia jambo ambalo kipima kasi hakikuonyeshi. Kikisoma noti 60 (noti ni maili ya baharini kwa saa) kwenye hewa ya namna hiyo, mwendo wako halisi ni karibu noti 68. Ndege inashika hewa vizuri kama ilivyo pwani, lakini ardhi inapita chini yako haraka zaidi, na nguvu ya mwendo unayotakiwa kuimaliza kabla ya kusimama imezidi kwa zaidi ya robo. Macho ya mwanafunzi yanaona ardhi inakimbia, mkono unaogopa, unavuta usukani mapema. Hapo ndipo ndege inapopanda tena badala ya kukaa. Watu wamejifunza kuruka kwenye hewa hii tangu Klabu ya Aero ya Afrika Mashariki ianzishwe mwaka 1927, kwa hiyo inawezekana, ila inadai usahihi ambao usawa wa bahari unaweza kukusamehe.

Usahihi wenyewe ni kasi ya fainali, yaani kile kipande cha mwisho kilichonyooka kuelekea njia. Nina hakika asilimia kubwa ya tatizo lako iko hapo, hata kabla hujafika kwenye njia. Kitabu cha 152 kinataka noti 55 hadi 65 flapu, vile vipande vya nyuma ya bawa, zikiwa chini. Wanafunzi wengi wa Wilson wanakuja na 70, "kwa usalama", hasa wakisikia redioni kuna ndege kubwa zaidi aina ya Caravan nyuma yao. Kutoka 60 hadi 70 unaongeza zaidi ya theluthi ya nguvu ya mwendo, na ndege haitakaa chini mpaka hiyo ziada iishe. Inaelea. Wewe unachoka kusubiri, unaisukuma chini, inagusa kwa gurudumu la mbele na kudunda. Halafu unaambiwa hujui kutua, wakati kosa lilifanyika kilomita moja nyuma.

Mkufunzi wangu alikuwa mzee aliyewahi kurusha ndege za misaada kwenda Lokichoggio, mtu wa maneno machache. Asubuhi moja alikata vipande vya karatasi, akabandika juu ya kipima kasi na vipimo vingine vyote, akabakisha dira na redio tu. Tukazunguka. Nilipogeuka fainali akaniuliza, "Kasi?" Nikakadiria. Akafunua karatasi kwa kidole, akaniacha nione, akafunika tena. "Pua iko wapi? Sauti ya upepo ikoje?" Tukarudia hivyo hivyo mpaka nikawa natamka kasi kwa kuangalia pengo kati ya pua na upeo wa macho, na kwa kusikia upepo unavyopungua kwenye kioo. Siku hiyo sikufundishwa chochote kuhusu kutua kwenyewe, lakini kuanzia hapo ndege ikawa inafika mwanzo wa njia na kasi ileile kila mara, na kutua kukaanza kufanana. Muombe mkufunzi wako zoezi hili. Hata asipobandika chochote, mwambie akuulize kasi kabla hujaangalia.

La pili ni macho. Ukishavuka mwanzo wa njia na kufunga throto, ule mkono wa nguvu ya injini, hamisha macho upeleke mwisho wa njia, kule mbali kabisa. Anayeendesha baiskeli akiteremka mlima haangalii gurudumu la mbele. Ukikodolea ardhi iliyo karibu na pua huwezi kupima kimo. Ukitazama mbali, utaona kingo mbili za njia zikipanuka na kupanda pembeni mwa macho yako, na hiyo ndiyo inayokuambia ubaki hapo, zuia, zuia, usiiache iguse bado. Na hakikisha urefu wa kiti. Kama wewe ni mfupi na unaona juu ya dashibodi kwa shida, nunua mto uwe unakuja nao, uleule kila siku. Nimeona mwanafunzi aliyesota wiki nyingi akibadilika kwa sababu ya mto tu, maana kila ndege aliyopewa ilikuwa na kiti cha urefu tofauti, na kila siku alikuwa anaona picha mpya.

Sasa tuje kwenye lile ambalo hukuliuliza, ila naona limejificha kwenye maelezo yako. Umeandika kwamba unaruka "nikipata hela, mara moja kwa wiki, wakati mwingine wiki mbili zinapita". Mkuu, hapo ndipo saa zako zinapoliwa. Kutua ni kazi ya mikono na macho, na mikono inasahau. Ukikaa siku kumi, nusu ya somo linalofuata inakwenda kurudisha ulichokuwa nacho, na unalipa bei kamili kwa kurudishiwa mali yako. Ingekuwa mimi ni wewe, ningesimamisha mafunzo mwezi mmoja au miwili, nikusanye fungu, halafu nirudi niruke mara tatu au nne kwa wiki mfululizo mpaka solo. Najua inauma kusimama wakati ndugu wanauliza. Lakini shilingi ileile itakufikisha mbali zaidi, na hili nalisema kwa uzito kuliko jingine lolote humu.

Chagua na saa ya kuruka. Mita ya ndege inahesabu tangu injini inawaka, si tangu magurudumu yanaacha ardhi. Wilson asubuhi ya saa mbili na nusu ni foleni ya ndege za watalii zinazokwenda Mara na Amboseli. Umesimama pembeni na injini inanguruma, unalipa. Ukiwa hewani, mnara unakwambia uongeze mzunguko, au upige duara usubiri ndege ya abiria aina ya Dash 8 ipite, na kwenye saa nzima unapata kutua mara chache mno. Kubaliana na mkufunzi wako mwende Orly, uwanja mdogo kule upande wa Kajiado, ambako shule nyingi hupeleka wanafunzi wa mizunguko, yaani kuondoka, kuzunguka na kutua tena na tena. Kule unaweza kugusa na kuondoka tena bila kusubiri mtu. Wilson yenyewe uiache kwa ajili ya kujifunza redio na msongamano, ambavyo pia utavihitaji. Tena kuanzia Juni hadi Agosti usipange ratiba yako kwa asubuhi za mapema. Lile wingu zito la chini la Nairobi linaweza kukaa mpaka saa tano, na utabaki unakunywa chai kwenye kantini ukiangalia ndege imefungwa kamba.

Siku ambazo huruki, ruka nyumbani. Wala sina maana ya michezo ya kompyuta, ingawa nayo si mibaya. Chukua picha ya dashibodi ya ndege yako, ichapishe ukubwa wake halisi, ibandike ukutani, weka kiti mbele yake. Fanya mzunguko mzima kwa sauti: ukaguzi, maneno ya redio, flapu hatua ya kwanza, kasi, geuka, flapu tena, kasi. Mkono wa kulia uende mahali throto ilipo. Majirani watashangaa, waache. Nilifanya hivyo kila usiku chumbani South B, na faida yake ni kwamba nikiwa hewani sikuwa natumia akili kukumbuka kinachofuata. Akili yote ilibaki kwa ajili ya kasi na njia.

Kuhusu kubadilisha mkufunzi: badilisha kama anakupigia kelele hadi unaganda, kama anatua yeye halafu anakuhesabia wewe, au kama hawezi kukueleza kwa maneno kwa nini kutua kulikopita kulikuwa kubaya. Muulize kesho, kwa heshima: "Mwalimu, ni kitu gani kimoja unataka ukione ndipo ushuke uniache niruke peke yangu?" Akikujibu kwa kitu unachoweza kukifanyia kazi, baki naye. Akisema "bado tu", hapo una haki ya kuomba kuruka saa moja na mkufunzi mwingine wa shule hiyohiyo akuangalie kwa macho mapya. Shule yenye akili hailikatai hilo. Kuhama shule kabisa kunakugharimu saa kadhaa za mtu mgeni kukujua upya na ndege ngeni, kwa hiyo liwe la mwisho.

Usiogope vilevile kughairi kutua. Ukiona imeelea mno au imedunda, sukuma throto yote, shikilia pua isipande mno, punguza flapu kidogo kidogo, rudi hewani. Lakini kumbuka hewa yetu: kupanda kutakuwa kwa uvivu, kwa hiyo uamuzi ufanyike mapema. Mkufunzi wangu aliniambia baadaye kwamba alichokuwa akikisubiri kutoka kwangu ni hicho tu, nighairi mwenyewe bila kuambiwa. Nilipoghairi mara ya kwanza kwa uamuzi wangu, tulitua, akaniambia nisimame pembeni nisizime injini, akafungua mlango.

Baada ya solo mambo yanakwenda haraka kuliko unavyodhani. Sheria za kimataifa zinadai saa 40 kwa jumla, au 35 kwenye kozi iliyoidhinishwa, na kati ya hizo saa 10 uwe peke yako, 5 zikiwa za safari, ikiwemo safari moja ya angalau maili 150 za baharini yenye kutua na kusimama kwenye viwanja viwili tofauti. Jiandae kisaikolojia kwamba hapa Wilson utavuka 40 kabla ya mtihani, wengi wanavuka, na upange bajeti hivyo tangu leo. Ukifika kwenye safari, omba Nanyuki. Unapita katikati, Aberdare kushoto na Mlima Kenya kulia, ardhi inakupandia chini yako taratibu mpaka unakuta uwanja uko juu kuliko Wilson. Ondoka mapema, maana ikikaribia saa sita mawingu yameshajaa pande zote mbili na ile nafasi ya katikati inaanza kuzibika. Hiyo ndiyo safari iliyonifanya nijue kwamba leseni hii nitaipata.

Mtihani wa nadharia usiusubirishe mpaka baada ya solo. Ufanye sasa hivi, kwenye hiyo miezi ya kukusanya hela. Hali ya hewa na utendaji wa ndege ndiyo masomo yatakayokusaidia moja kwa moja kwenye kutua kwako.

Ukiruka tena, rudi hapa uandike mambo matatu: kasi uliyovuka nayo mwanzo wa njia, macho yako yalikuwa wapi, na ilikuwa saa ngapi ya siku. Niandikie hata kama kutua kulikuwa kubaya, tutaanzia hapo.