Dawnriga: za umeme au za mkono kwa boti ya futi 20?

Mkuu, umesema boti ni ya futi 20 na unavua samoni Ziwa Michigan. Dawnriga ni kifaa kinachofungwa ukingoni mwa boti, kinachoshusha chubwi zito kwa kebo ili chambo kifike kina unachotaka. Ukiweza, chukua mbili za umeme. Kiangazi Chinook, aina ya samoni, hufuata maji ya baridi, nyuzi 10 hadi 13 hivi za Selsiasi, na mara nyingi maji hayo yako kina cha futi 80 au zaidi. Kupandisha chubwi la ratili 12 kwa mkono kutoka huko, samaki ameshanasa, kunachosha sana, tena kebo ikichelewa kutoka majini samaki hujizungusha nayo akakata mshipi. Za mkono zinafaa zaidi majira ya kuchipua, samaki wakiwa karibu na juu.

Kihesabio, kinachoonyesha urefu wa kebo iliyoshuka, usikiamini moja kwa moja. Boti ikienda, maji husukuma chubwi nyuma, kwa hiyo kikisoma futi 100 chambo kiko juu ya hapo. Chubwi zito hupunguza tatizo hilo.

Na tafadhali, imarisha ukingo wa boti kwa bamba upande wa chini kabla ya kufunga dawnriga, halafu usikaze breki yake kupita kiasi. Chubwi likinasa kwenye mwamba, heri kebo ifunguke kuliko dawnriga ing'oke.